Kabla ya kutuita wazembe, tuulizeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake ilitoka kwenye ukurasa huu wiki tatu zilizopita. Aliandika kwamba tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, fedha za dawa za kufubaza makali ya VVU si za uhakika tena, hivyo wale ambao dawa za kawaida zimewakataa waachwe wajinunulie hizo nyingine za bei ya juu, maana usugu, yaani virusi kuzizoea dawa, wamejitakia wenyewe kwa uzembe. Niliisoma barua hiyo pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nimekaa juu ya magunia yangu ya dagaa nikimsubiri mteja kutoka Kongo. Nikairudia mara ya pili. Nikalikunja gazeti, nikaliweka kwenye mkoba, na bado ninalo.

Mimi ni mmoja wa hao anaowasema. Jina langu nimekuandikia kwenye karatasi ya pili, naomba usilichapishe. Si kwamba naona haya. Ni kwa sababu kuna kijana nitakayemzungumzia huku mbele, na yeye ana haki ya kuyasema mambo yake mwenyewe siku akitaka.

Nina miaka 53, mzaliwa wa Muleba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi hii walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, mimi nikiwa na miaka 11. Kwetu ugonjwa ule uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Nimezika shangazi wawili na dada yangu mkubwa. Dada nilimwogesha mwenyewe, mwili wake mwepesi kama wa mtoto. Mtu aliyeyaona hayo hachezei kidonge, na naomba msomaji yule alijue hilo kabla hajaendelea.

Hali yangu niliijua mwaka 2004 nikiwa na mimba. Siku zile mama mjamzito mwenye virusi alipewa kidonge kimoja tu cha nevirapini aende nacho nyumbani, akimeze uchungu utakapoanza, na mtoto akishazaliwa apewe dawa ya maji. Nilikifunga kidonge changu kwenye pindo la khanga, nikakaa nacho wiki saba. Nilikimeza saa nane usiku, mvua inanyesha, mama mkwe ameshika taa. Mtoto yule leo ana miaka 21, yuko chuoni, hana virusi. Baba yake hakumwona akitembea, maana alifariki mwaka uliofuata.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kwamba kidonge kile kimoja, ambacho kiliwaokoa watoto wengi sana, kiliwaachia baadhi ya akina mama virusi vilivyokwisha kuizoea nevirapini. Utafiti uliofanyika Botswana, matokeo yake yakatoka mwaka 2007, ulionyesha kwamba mama aliyeanza dawa zenye nevirapini ndani ya miezi sita baada ya kumeza kidonge kile alikuwa na hatari kubwa zaidi ya dawa hizo kumkatalia. Ikipita miezi sita hatari ilipungua. Mimi nilianza baada ya miaka miwili, kwa hiyo sidai kwamba yangu yalitoka huko. Lakini mfikirie mama aliyemeza alichopewa hospitali, siku aliyoambiwa, saa aliyoambiwa, na usugu ukampata. Uzembe wake uko wapi?

Dawa zenyewe nilianza mwaka 2006, CD4 zangu, yaani chembe za kinga kwenye damu, zikiwa 94. Wakati ule hukupewa dawa mpaka zishuke chini ya 200. Kilikuwa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, ndani yake mna tatu: stavudini, lamivudini na nevirapini. Nilikuwa na kilo 41. Mwaka ulipoisha nilikuwa na 58, nabeba ndoo ya dagaa kichwani. Sitaacha kushukuru kwa vidonge vile hata kama stavudini ilinitafuna miguu. Ganzi ilianza kwenye vidole ikapanda mpaka kifundoni, na mashavu yakaingia ndani. Watu wa mwaloni walikuwa wamejifunza kutusoma usoni, na nilikuwa nikijifunga mtandio hata kwenye jua kali. Mwaka 2013 nikabadilishiwa, nikapewa kidonge kimoja cha usiku chenye tenofovia, lamivudini na efavirenzi, kile tulichokiita TLE.

Hapa ndipo nataka msomaji yule anisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye huo anaouita uzembe wangu.

Wakati huo nilikuwa na kambi ya dagaa kisiwani Goziba, ndani ya Ziwa Victoria. Dagaa hawavuliwi kwa kalenda ya ukutani. Huvuliwa wakati wa giza, mwezi usipoonekana, kwa sababu huifuata taa: zamani karabai, sasa taa za sola. Mbalamwezi ikitoka, wavuvi hupumzika na kambi nzima hulala. Siku za giza hakuna anayelala. Mitumbwi hurudi kuanzia saa kumi alfajiri, na mama anayenunua lazima awe amesimama kwenye maji na ndoo yake, akokotoe bei haraka na asiibiwe. Sasa mezeshwa efavirenzi saa tatu usiku. Ukiamka saa tisa, dunia inazunguka. Ndoto zake sizielezi hapa. Nawajua wavuvi watatu walioacha kuimeza siku za giza kwa kuogopa kudondoka ziwani, na mtu akidondoka usiku katikati ya ziwa hakuna wa kumsikia. Mimi nilikuwa naruka pia. Siku za giza nilimeza moja, nikaacha moja. Mbalamwezi ikitoka nilimeza zote bila kukosa.

Kuna na habari ya tarehe. Kadi yangu ya CTC, kliniki ya dawa za VVU, ilisema nirudi siku fulani. Siku hiyo ikiangukia katikati ya giza, au ziwa likichafuka na mitumbwi isivuke, dawa zinaisha nikiwa kisiwani. Niliwahi kukaa siku kumi na moja bila kidonge. Nilikuwa na deni la watu na mtoto shuleni. Nayakubali yote haya, na niliyakubali hata wakati ule, ila hakuna aliyeniuliza kwa namna ambayo ningeweza kujibu. Swali lilikuwa lile lile kila mara: "Mama, dawa unameza vizuri?" Nami nilijibu, "Ndiyo, sista," kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu arobaini na mlango ulikuwa wazi.

Lile nisilolijua, na ambalo ningeambiwa mapema lingeniokoa, ni jinsi dawa zile zinavyotoka mwilini. Efavirenzi na nevirapini hubaki kwenye damu muda mrefu, siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho. Lamivudini huisha mapema. Kwa hiyo ukiziacha zote kwa pamoja, kwa muda fulani virusi vinabaki vinapambana na dawa moja iliyopungua nguvu. Virusi vya UKIMWI huzaliana kwa haraka sana, na kila kikijinakili hukosea hapa na pale. Mengi ya makosa hayo hukiua chenyewe. Lakini yupo mmoja katika maelfu ambaye kosa lake linamwezesha kupita. Mvuvi anaelewa hili bila darasa: wavu ukikamata kila samaki asipokuwa yule mwembamba anayepenya tundu, mwakani ziwa litajaa wana wa huyo mwembamba. Kwa dawa hizi mbili badiliko moja tu, lile ambalo wataalamu huliita K103N, linatosha kuziangusha zote mbili kwa pamoja.

Machi 2017 nilitolewa damu ya kupima wingi wa virusi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza baada ya miaka kumi na moja ya dawa. Kabla ya hapo walituangalia kwa CD4 na kwa macho, kama umekonda au una utando mdomoni. Niliambiwa majibu yatakuja. Aprili nikauliza, bado. Juni nikauliza, bado. Agosti sikuuliza, niliona nawasumbua. Desemba mhudumu mgeni alifungua faili langu akitafuta karatasi nyingine, akaikuta ya kwangu imekunjwa katikati: nakala 18,400 kwa mililita moja ya damu. Mpaka wa kusema dawa zimeanza kushindwa ni nakala 1,000. Karatasi ilikuwa na mhuri wa Mei.

Kituo sikitaji. Wahudumu walikuwa wachache, na yule aliyeiona ndiye aliyeniokoa. Lakini naomba tuzihesabu hizo siku. Kuanzia Mei mpaka Desemba nilimeza kila usiku, maana nilikuwa nimehama kisiwani nikaja Mwanza na giza halikunihusu tena. Nilimeza kwa uaminifu dawa ambayo haikuwa ikifanya kazi. Kila usiku mmoja virusi vyangu vilizidi kujifunza. Mabadiliko hujilimbikiza, na kadiri unavyocheleweshwa kwenye dawa iliyoshindwa ndivyo unavyopoteza na nyingine ambazo zingekusaidia baadaye. Miezi ile kosa halikuwa langu.

Utaratibu ukaanza: ushauri nasaha vikao vitatu, kisha kupimwa tena. Ni utaratibu mzuri, siupingi, kwa sababu watu wengi virusi hushuka baada ya vikao bila kubadilishwa dawa. Kipimo cha pili kilikuja baada ya miezi mitano kikiwa nakala 26,000. Halafu faili likapelekwa kwa madaktari wengine wakubali nihamishwe. Dawa za mstari wa pili nilizipata Septemba 2018. Tangu damu ile ya kwanza, ni mwaka mmoja na miezi sita.

Nilipewa atazanavia na ritonavia, za kumeza pamoja na chakula. Macho yakawa ya njano. Daktari alinionya mapema kwamba atazanavia hufanya hivyo na kwamba si ini linalokufa, nami nikaamini, lakini mwaloni walisema mama ana homa ya manjano, wengine wakasema nimerogwa. Wateja wawili waliacha kununua kwangu. Nilivaa miwani ya jua mwaka mzima. Februari 2019 karatasi ilirudi imeandikwa virusi havionekani. Niliishika ile karatasi, nikaenda kukaa nyuma ya jengo chini ya mwembe, nikalia kwa sauti. Mpaka leo havionekani.

Sasa huyo msomaji anataka mimi nijinunulie. Mtaji wangu wote ni magunia kumi na mawili ya dagaa. Ningenunua miezi mingapi? Na virusi vyangu sugu vikirudi kujaa damuni, vinaweza kumpata mwingine vikiwa sugu tayari. Hili si la kutisha watu. Julai 2017 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika nchi sita kati ya kumi na moja zilizopimwa, za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi waliokuwa wakianza matibabu alikuwa na virusi vilivyokwisha kuzizoea dawa za kundi la nevirapini na efavirenzi. Wako kati yao watu ambao hawajawahi kuruka kidonge hata kimoja, kwa sababu walikuwa hawajawahi kumeza hata kimoja.

Tangu 2019 mimi ni mwelimisha rika, na kwenye semina moja daktari mzee alitusimulia historia ambayo nadhani kila anayetulaumu angepaswa kuisikia. Dawa ya kwanza kabisa, AZT, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Ilitolewa peke yake. Mwaka 1989 watafiti wakaripoti kwamba virusi vya wagonjwa waliokuwa wakiimeza vimeizoea. Hao walikuwa wagonjwa wa nchi tajiri, wanaotibiwa kwenye hospitali kubwa, karibu na madaktari wao. Ilichukua mpaka 1996 dunia kukubali kwamba lazima dawa tatu ziende pamoja. Usugu ni tabia ya kirusi chenyewe. Sisi wauza dagaa hatukuuleta.

Mhariri, nakuja kwa kijana.

Ni mtoto wa marehemu dada yangu, alizaliwa mwaka 2001 akiwa na virusi. Mimi ni mama yake mdogo, na mimi ndiye niliyemlea. Amekula dawa tangu hajaota meno yote. Dawa ya maji, kisha vidonge vya kuvunja nusu kwa kisu, kisha TLE ya watu wazima. Nchi ilipoanza kutuhamishia TLD mwaka 2019, yenye dolutegravia badala ya efavirenzi, naye alihamishwa. Hakuna aliyempima wingi wa virusi kwanza. Sasa ni mvuvi, yuko kwenye kisiwa ambacho sitakitaja.

Mwaka 2024 vipimo vyake viwili vilizidi nakala 1,000, cha mwisho kikiwa 41,200. Akaambiwa, "TLD haina usugu. Wewe humezi." Alimwambia mhudumu kwamba anameza. Akaambiwa tena humezi. Kisha akapunguziwa dawa kutoka za miezi mitatu mpaka za mwezi mmoja, kama inavyofanywa kwa kila ambaye virusi havijashuka, ili wamwone mara kwa mara. Naielewa nia yake. Lakini kwa mtu wa kisiwani ina maana gani? Mwenye virusi vilivyoshuka huvuka ziwa mara nne au mara mbili kwa mwaka. Yule ambaye matibabu yanamshinda, pengine kwa sababu hiyo hiyo ya umbali, anavushwa mara kumi na mbili, kwa nauli yake, na nusu ya safari hizo zinaangukia kwenye giza. Tulimwekea mlima yule aliyeshindwa kupanda kilima. Nimelisema hili kwenye vikao na nitaendelea kulisema: kalenda ya kliniki za ziwani ifuate mwezi. Siku za mbalamwezi wavuvi wako nchi kavu, wameoga, wana nafasi. Haigharimu fedha za mfadhili yeyote.

Ni kweli TLD ni ngumu kuzoeleka. Dolutegravia haianguki kwa kosa moja kama efavirenzi, na wengi ambao virusi vyao viko juu wakiwa kwenye TLD, shida ni kutomeza. Kama mwelimisha rika siwezi kuficha hilo. Ila kusema kwamba haina usugu si kweli. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Machi 2024 ilionyesha, kwa watu ambao virusi vyao viko juu wakiwa kwenye dolutegravia, usugu wa dawa hiyo wa kati ya asilimia 3.9 na 8.6, na kwa wale waliohamishiwa dawa hiyo wakati virusi vyao viko juu ulifika asilimia 19.6. Huenda mwanangu ni mmoja wa hao wa mwisho, mtu aliyewahi kula dawa nyingine na akahamishwa bila kupimwa.

Nilimleta Mwanza. Kwenye kituo tulichokwenda alikuwepo muuguzi kijana, nadhani hajafika miaka thelathini. Alifunga mlango. Alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza. Akasema, "Mdogo wangu, mbali na TLD, unameza nini kingine? Hata kile ambacho wewe unaona si dawa."

"Hakuna, sista."

Muuguzi akanyamaza, akasubiri. Mimi nilitaka kuongea, akanionyesha kwa mkono nitulie.

"Labda za tumbo," mwanangu akasema. Akatoa mfukoni pakiti ya vidonge vya magnesiamu, vile vya kutafuna, vinavyouzwa kila duka la dawa na hata kwenye vibanda vya kambini.

"Unatafuna saa ngapi?"

"Pamoja. TLD ikinichafua tumbo, natafuna mbili juu yake."

Miaka miwili alikuwa akifanya hivyo. Muuguzi akatueleza kwamba magnesiamu huishika dolutegravia tumboni, sehemu kubwa ikapita bila kuingia kwenye damu. TLD inatakiwa itangulie kwa muda wa saa mbili, au ifuate baada ya muda wa saa sita. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito navyo vina madini ya chuma yanayofanya vivyo hivyo, na vya kalsiamu pia, ingawa hivyo viwili mtu anaweza kuvimeza pamoja na TLD akiwa anakula. Na anayetibiwa kifua kikuu kwa dawa zenye rifampisini lazima aongezewe kidonge kingine cha dolutegravia kwa siku, maana rifampisini huifanya iishe haraka mwilini. Nilikuwa na miaka mitano kwenye uelimishaji rika na hayo ya magnesiamu sikuwa nimeyasikia. Nimewauliza wenzangu kumi na wanne tangu siku hiyo. Wawili tu walijua.

Kwa hiyo kijana wangu alikuwa anameza. Kila siku. Alikuwa anasema kweli kwa kila aliyemwita mwongo.

Baada ya miezi mitatu ya kuzitenganisha alipimwa tena, nakala 3,150. Zimeshuka sana, lakini bado ziko juu ya 1,000. Ndiyo maana daktari akakubali damu yake ipelekwe kwenye kipimo cha usugu, kile kinachosoma kirusi chenyewe na kusema dawa ipi bado inakiweza na ipi imeshindwa. Kipimo hicho ni ghali na hakifanyiki kila mahali, nalijua hilo. Lakini bila hicho daktari anabahatisha. Anaweza kumwondoa kijana kwenye dawa nzuri isiyo na kosa, au kumwacha kwenye iliyokufa kama nilivyoachwa mimi.

Ninachoomba kwa wenye mamlaka ni kwamba karatasi ya majibu isilale kwenye faili. Simu ninayo, kijana anayo, kambi nzima inazo. Siombi mtu atajiwe namba zake hewani. Ujumbe wa "njoo kituoni wiki hii" unatosha, na hata asiyejua kusoma anaweza kusomewa. Na majibu yakiwa juu, swali la kwanza liwe lile la yule muuguzi, mlango ukiwa umefungwa. Naomba maduka ya dawa nayo yafundishwe, kwa sababu watu wa visiwani hununua dawa za tumbo kule na hakuna anayewauliza lolote. Na fedha za ndani zinapopangwa, kwa vile tumeona za nje zinavyoweza kukatika kwa siku moja, dawa za mstari wa pili na wa tatu zisiwekwe mwisho wa orodha kama adhabu.

Kwa msomaji mwenzangu sina chuki. Pengine hajawahi kukaa na mmoja wetu. Aje Mwaloni Kirumba siku yoyote isiyo ya giza, aulizie mama mwenye macho ya njano, ataonyeshwa.

Damu ya kijana ilichukuliwa siku ya Jumanne. Leo ni siku ya 72. TLD anameza saa moja asubuhi, na tumbo likimsumbua anasubiri mpaka jioni. Kila Jumapili ananipigia simu kuuliza kama nimesikia chochote, nami namwambia bado, mwanangu. Giza linaisha wiki ijayo. Mbalamwezi ikitoka nitavuka nikamchukue, twende wote tukaulize tena.

Wako katika kusoma gazeti hili,

Mama Dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza